Mkazi wa Nyumba Sifuri

Nyumba namba sifuri haikuwa na mtu. Mama Kabati aliitenga alipokuwa anapanga kanzidata ya programu ya kliniki, ili ajaribie mambo yake humo kabla ya kugusa familia za watu. Jina la Kabati alipewa na wenzake kwa jinsi alivyopenda kupanga: kila familia na rafu yake, aliyoiita nyumba, na kila rafu na nakala tatu, kwenye seva tatu katika majengo matatu. Nakala zikitofautiana, mbili zinazokubaliana ndizo zinazoaminiwa, na ya tatu inarekebishwa ifanane nazo. Nyumba namba moja aliipa familia yake: yeye, mume, mama mkwe, na binti yao wa miaka sita. Fundi gani haanzi na kwake?

Jumatatu asubuhi akakuta sifuri ina mkazi. Hana jina, hana tarehe ya kuzaliwa. Akamfuta. Dakika haikuisha, karudi. Mama Kabati akacheka, maana alijua ni nakala nyingine zimemrudisha, akamfuta kwenye seva zote tatu kwa mpigo. Ofisi ikanuka udongo mbichi.

"Umeleta nini humu?" aliuliza Mzee wa Nyaya, mtunza mitambo, akiziba pua.

Mama Kabati aliinamia kompyuta. Kwenye kioo, mahali pa jina, palikuwa pameandikwa: *Umenitoa kwangu. Nami nachukua kwako.*

Akafungua nyumba namba moja. Seva ya kwanza ilisema watu wanne. Ya pili na ya tatu, watatu. Binti yake alikuwa amehamishiwa sifuri. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, mtoto ameenda shule?"

"Mtoto gani tena, mwanangu?"

"Mjukuu wako, mama. Usinitanie."

Mama mkwe akashusha sauti. "Si bado hamjajaliwa? Umekula kweli leo?"

Saa za chakula alimwingiza mganga ofisini, akiwaambia walinzi ni fundi wa kiyoyozi. Walishuka chini ilipokuwa seva ya kwanza. Mganga akaweka kiganja juu ya mtambo, akasikiliza.

"Hapa hajaingia," akanong'ona. "Nyingine ziko wapi?"

"Moja ng'ambo ya mji. Ya tatu mji mwingine kabisa."

"Basi simuwezi, mama. Nikimtoa huku amekwenda kule, nami ni mmoja. Mfungie mlango huu tu. Asipoingia hapa, bado una mtoto."

Mama Kabati akachomoa waya unaoiunganisha na nyingine. Mganga akaondoka bila kuaga. Akabaki peke yake, jina la mwanawe ameliandika kiganjani kwa kalamu, na kutoka ndani ya ule waya uliolala sakafuni akaanza kusikia sauti anayoijua kuliko sauti zote, ndogo, ya mbali, ikisema mama huku hakuna watu, mama kuna mmoja tu na hana uso, mama njoo, na kila alivyouinamia waya ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi, mpaka akashindwa kuvumilia akakimbilia juu kwenye mtandao ampigie mumewe.

"Binti?" mume akasema. "Binti wa nani, mke wangu?"

Akakata simu. Mzee wa Nyaya alikuwa anapanda ngazi akijifuta vumbi, uso umejaa furaha ya kazi iliyokwisha.

"Seva ya kwanza nimeikuta imechomoka," akasema. "Nimeirudisha. Ilikuwa imeachwa nyuma na wenzake, sasa zote tatu zinafanana. Mbona unalia?"

Mama Kabati akagusa shavu. Lilikuwa limelowa. "Hata sijui," akasema.

Jioni alifika nyumbani amechoka tu, kama siku yoyote. Mlangoni palikuwa na jozi ya viatu vidogo.

"Vya nani hivi, mama?"

"Watoto wa jirani hao," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. "Njoo ule."

Akavisogeza pembeni kwa mguu. Kisha akaona kiganja chake kina wino, akachukua sabuni akanawa mikono.