Bomba la Jikoni

Kila siku Nyambura alitoka shule saa saba, akafungua fleti yao ya ugenini, mtaa wa Al-Murabba, akajifungia ndani kama alivyoagizwa. Baba yake, Ambrose, alikuwa fundi wa AC na hakurudi mpaka magharibi. Mama alikuwa nesi kule Jeddah, walimwona mara moja kwa mwezi. Kwa hivyo mchana kutwa ni Nyambura na ukuta. Hata runinga iliongea Kiarabu tupu.

Siku moja akiosha vyombo, aligonga bomba la maji kwa kijiko, ule mdundo wa makofi ya kilo waliompigia aliyejibu vizuri darasani kule Nakuru: pa-pa, pa-pa-pa, pa. Aligonga tu. Mara bomba likajibu: pa-pa, pa-pa-pa, pa.

Nani huku anajua makofi ya kilo? Ni Selipher tu, dada wa Kakamega anayefanya kazi za nyumbani fleti ya juu. Nyambura alicheka peke yake hadi akakaa chini.

Wakagongeana siku tatu. Ya nne, kimya. Nyambura akaona labda Selipher hasikii, akachukua spana ya baba. Akafunga dirisha na mlango wa jikoni ili asisumbue watu, akagonga kwa nguvu. Kimya. Kesho yake akaongeza nguvu.

Alhamisi jioni, yeye na baba wakakutana na Selipher kwenye ngazi, amebeba takataka, macho mekundu.

"Selipher, kwani kuna nini?" Baba akauliza.

"Ni madam, Baba Nyambura. Anasema nagongagonga jikoni nikiwa na hasira. Nimemwambia si mimi, lakini jikoni niko peke yangu, ataamini nini? Jumapili ananirudisha kwa ofisi iliyonileta."

Hakumtazama Nyambura wala kumtaja. Hapo ndipo palipouma.

Walipokaa kula, Nyambura aliisukuma sahani. Mwishowe Nyambura akasema, "Baba, ni mimi. Lakini nilifunga mlango na dirisha. Sauti ilipitia wapi?"

Baba akainuka. Akamwambia aweke sikio kwenye bomba, akaenda bafuni, ambako bomba hilo linapita pia, akalikwaruza kwa ukucha. Nyambura akaruka. Ilikuwa kama ukucha uko ndani ya sikio lake.

"Umesikia? Wewe ulifungia sauti ya hewani tu," Baba alisema aliporudi. "Sauti ni mtikisiko. Chembe inasukuma jirani yake, naye anasukuma mwingine. Kwenye hewa chembe zimeachana. Kwenye chuma zimeshikana kwa nguvu, sauti inakimbia kama mara kumi na tano zaidi, na hili bomba linapanda mpaka juu. Spana yako ilikuwa inalia jikoni kwa madam."

"Nilidhani Anti Selipher hasikii. Aliacha kujibu."

"Aliacha kwa sababu anagombezwa."

Nyambura akainamisha kichwa. "Si uende umwambie madam?"

"Kwani mimi ndiye niliyegonga? Twende wote, lakini utasema wewe."

Madam alifungua mlango akiwa amenuna. Nyambura alisema yote, Baba akitafsiri. Madam hakuamini. Baba akashuka, akagonga bomba kidogo tu. Huku juu madam akaweka kiganja kwenye bomba la jikoni mwake. Akakiondoa, akakirudisha. Baba aliporudi juu, madam akamtazama Selipher.

"Halas, basi," akasema. "Anabaki." Akamgeukia Nyambura, akamwonyesha kidole kimoja: kwa siku mara moja, polepole.

Wakishuka, Baba akamshika bega. "Sauti ikishatoka mkononi mwako, huwezi kuiamuru iende kwa nani. Lakini ukiona imemwangukia mwenzako, kupanda ngazi ni kazi yako. Leo umepanda."

Kesho yake saa nane bomba likalia: pa-pa, pa-pa-pa, pa. Nyambura akajibu kwa kijiko. Kisha akaacha kiganja pale kwenye chuma mpaka mtikisiko ulipotulia, akafungua kitabu, akangoja magharibi.