Taulo la Kona ya Bluu

Rafaeli alikuwa amelala chali chini ya jukwaa, spana mkononi, akikaza nati ya mguu mmoja wa kizimba, alipoona miguu ya mtu ikisimama karibu na sikio lake. Ilivaa katambuga. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu jembamba, jeupe kama punje ya mchele.

Kovu hilo alilijua. Aliacha kukaza.

"Fundi!" sauti ikaita kutoka juu. "Turubai hili mmelivuta vizuri? Lisije likatutelezesha kesho."

Uwanja wa mpira wa Mikumi ulikuwa na kelele zake. Kando ya barabara kuu mabasi yalishusha abiria wa chakula cha mchana, wachuuzi wakakimbilia madirisha na karanga na mahindi ya kuchoma. Lori la miwa lililotoka Kidodi lilipiga honi kuomba njia. Gari la matangazo lilizunguka likitangaza mapigano mchanganyiko ya kesho: ubingwa wa wanawake, marudiano, Tumwagile wa Mbeya dhidi ya Naishorua wa Kilosa. Rafaeli alitambaa akatoka, nywele zimejaa nyasi.

Naishorua alirudi nyuma. Alivaa suruali ya mazoezi, begani amejifunga shuka jekundu, nywele zimesukwa mistari midogo iliyobana kichwa tayari kwa pambano. Hereni zake za shanga alikuwa ameshazivua.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Niliambiwa kizimba kinatoka Iringa."

"Gari lao limekufa njiani, wakanipigia. Hiki ni kile chetu cha karakanani Mabwerebwere. Nimekiongeza upana tu."

"Chetu," Naishorua akarudia polepole. Aligusa bomba moja la kona. Siku lilipochomelewa, yeye ndiye aliyelishika, uso kaugeuza upande kukwepa cheche.

Walikuwa wamekutana huko huko karakanani. Naishorua alikuwa ametoka bomani kwa baba yake, ng'ambo ya Kimamba, na keni ya maziwa iliyokatika mkono. Nyuma ya karakana ya Rafaeli akakuta vijana wakigaragazana kwenye magodoro ya zamani, kila mara wakisimama kutazama simu ili waone mkono unapita wapi. Rafaeli alijifundisha mchezo huo mwenyewe, kwa subira, hatua baada ya hatua, kama alivyojifundisha kuchomelea.

"Mnakumbatiana?" Naishorua aliuliza siku hiyo, akicheka.

"Ingia uone."

Aliingia. Rafaeli akajikuta anatazama mabati ya paa. Keni ilipokwisha kuungwa, binti yule hakuondoka, na ziliporudi siku nyingine za maziwa alirudi bila keni. Wakawa mwalimu na mwanafunzi, kisha wakawa Rafa na Nai.

Hadi mwaka jana, Morogoro, pambano la kwanza la ubingwa. Tumwagile alimpiga kabali. Rafaeli, aliyekuwa kona ya bluu, alimwita Naishorua kwa jina, akamwita tena, na tena. Kimya. Uso wa Naishorua ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu aliyelala. Rafaeli akatupa taulo, na pambano likaisha.

Naishorua aliinuka macho makavu, pumzi anayo. Akalitazama taulo pale chini, kisha akamtazama Rafaeli. Wiki moja kabla, wakiwa wanakula chipsi Kilosa mjini, Rafaeli alikuwa amemtania, "Nai, siku ukishindwa tunafunga ndoa." Walicheka wote. Pale kizimbani utani ule ukageuka kuwa kitu kingine. Naishorua alitoka bila kuaga, akabaki Morogoro kufundishwa na kocha Danieli, na simu za Rafaeli zikawa zinaita tu.

Sasa walisimama kwenye jua, katikati yao spana.

"Turubai limevutwa vizuri," Rafaeli alisema. "Nimetembea juu yake mwenyewe, peku."

"Asante, fundi."

Akaenda zake. Hakumwita Rafa.

Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya milima, Rafaeli akiwa bado anafunga magodoro kwenye nguzo, simu yake ikalia. Alilitazama jina kwa muda kabla ya kupokea.

"Haloo."

"Usiseme chochote kwanza," Naishorua alisema. "Siwezi kuingia kesho kwenye kizimba cha mtu niliyemnunia. Nitaikanyaga kila nati nikikufikiria. Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Ulitaka nishindwe?"

"Hapana."

"Ulisema nikishindwa tunaoana."

"Nai! Ule ulikuwa utani wa chipsi!"

"Mbona ukatupa?"

"Nilikuita, hukujibu."

"Ningejibu nini? Nilikuwa namsubiri achoke. Mikono yake ilishaanza kutetemeka."

"Mimi ningejuaje? Uso wako ulikuwa umelala."

Naishorua akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Nilipotobolewa masikio, bibi alinishika kidevu. Akaniambia uso usicheze. Hata jicho. Nilipochomwa mwiba ulioniachia kovu hili la mguuni, hivyo hivyo. Kwetu mtu akiwa kwenye maumivu hapigi kelele, Rafa. Anakaa ndani yake."

Rafaeli alikaa juu ya rundo la mabomba.

"Kwetu mlimani," alisema, "watu wanaitana kutoka shamba hili hadi shamba la ng'ambo ya bonde. Unaitwa, unaitika, hata kama huna la kusema. Mtu akiitwa akanyamaza, hatuulizi, tunakimbia na machela. Babu yangu alipatikana hivyo, kaanguka korongoni. Nilipokuita ukanyamaza, mimi sikuona mkanda tena. Nilikuona wewe korongoni."

"Mwaka mzima," Naishorua alisema, "nimekuchukia kwa sababu ya korongo."

"Na mimi nimedhani umenichukia kwa sababu sikufaa."

"Hukufaa kidogo," akasema, na safari hii ndani ya sauti mlikuwa na kicheko. "Sikiliza. Kesho taulo ushike wewe."

"Na Danieli?"

"Danieli ndiye kocha. Taulo ni lako. Ukiniita, sitajibu kwa mdomo, najijua. Tazama mguu wangu wa kushoto. Kidole gumba kikicheza, niko ndani, niache. Kisipocheza, tupa, na sitakulaumu tena maisha yangu yote."

"Nai..."

"Lala mapema, mpenzi," akasema, akakata haraka, kana kwamba neno lile limemponyoka.

Kesho yake alasiri watu walijaa hadi juu ya matangi ya maji. Mama yake Naishorua, Namayiana, alikaa mstari wa mbele, shuka la bluu, shanga tele shingoni, fimbo mapajani. Rafaeli alikwenda kuinama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa taulo?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama alimtazama kwa utulivu. "Leo angalia vizuri."

Danieli naye alimkabidhi taulo kwa shingo upande. "Kona naiongoza mimi. Hili kasema uchukue wewe. Mimi siwaelewi."

Tumwagile aliingia na mkanda kiunoni, kaptura nyekundu, mabega mapana, tabasamu la mtu anayejua kazi yake. Naishorua aliingia kwa kaptura nyeusi na kipande cha shuka alichokifungua mlangoni akamkabidhi mama. Waligusana glovu.

Raundi za mwanzo Naishorua alipiga mateke ya chini mpaka paja la Tumwagile likawa jekundu. Raundi zilizofuata Tumwagile alimbeba na kumbwaga, mara kwa mara, turubai likilia. Uwanja uligawanyika, nusu wakiimba jina hili, nusu lile.

Raundi ya mwisho ilikuwa imefika katikati Tumwagile alipopita mgongoni, mkono ukazunguka shingo. Kabali. Ile ile.

Naishorua alimshika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili. Kisha uso wake ukafunga. Midomo ikatulia, macho yakatazama mbali, uso kama wa mtu aliyelala.

"Nai!" Rafaeli aliita.

Kimya.

"Tupa!" watu wakapiga kelele. "Tupa taulo! Atakufa huyo!"

"Nai!"

Refa aliinama kumtazama. Danieli akamshika Rafaeli bega. "Tupa, we! Unangoja nini?"

Mkono wa Rafaeli ulikuwa umeshapanda. Alipogeuza macho alimwona Mama Namayiana. Kila mtu aliyemzunguka alikuwa amesimama, yeye amekaa, uso wake umetulia vile vile, midomo ile ile. Ila vidole vilivyoshika fimbo vilikuwa vimekakamaa.

Rafaeli alishuka hadi magotini, akaweka shavu karibu na wavu, akatafuta mguu wa kushoto. Ulikuwa umenaswa chini ya paja la Tumwagile. Aliona kisigino tu. Hakuona kidole. Taulo lililowa jasho la kiganja chake.

"Geuka kidogo," akanong'ona. "Geuka, Nai, nakuomba."

Tumwagile alisogea kukaza. Mguu ukatokeza. Kidole gumba chenye kovu kiliinama, kikanyooka. Polepole. Kikainama tena.

Rafaeli alilaza taulo chini akalikalia.

"Wewe una wazimu?" Danieli alifoka.

"Yumo ndani," Rafaeli alisema. "Mwache."

Mikono ya Tumwagile ilianza kutetemeka. Naishorua aliisikia, akateremsha kidevu, akageuka kama mtu anayetoka kwenye nguo inayobana, na uwanja ukapasuka kwa kelele. Alimaliza raundi akiwa juu, akipiga, mpaka kengele.

Jaji mmoja alimpa Tumwagile, mwingine alimpa Naishorua, wa tatu akaandika sawa. Sare. Bingwa anabaki na mkanda wake.

Naishorua aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulicheza, machozi yakashuka hadharani. Tumwagile alimvuta, wakakumbatiana kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, una shingo ya namna gani?" Tumwagile alimwambia. "Mara ya tatu njoo kwetu Mbeya. Hatuwezi kuacha hivi."

Watu walipotawanyika kwenda kula nyama choma barabarani, Rafaeli alianza kukifungua kizimba. Wavu mmoja ulishalazwa chini Naishorua alipokuja, shuka begani, jicho moja limevimba, katambuga miguuni.

"Sare," alisema. "Sijashindwa."

"Hujashinda pia."

"Kwa hiyo lile neno lako la chipsi halina nguvu."

"Nalifuta," Rafaeli alisema. Aliweka spana chini. "Sitaki kukuoa kwa sababu umeshindwa, wala kwa sababu umeshinda. Nataka kukuoa. Basi."

"Mkanda bado nautaka."

"Kizimba hiki kinaingia kwenye fuso. Mbeya si mbali."

"Na baba yangu?"

"Nitakwenda na wazee wangu. Tutabisha hodi."

"Msije mkaita kutoka mbali kama mlimani, mtashtua ng'ombe. Simameni tu mlangoni, mtaonekana."

"Tutasimama. Sasa wewe mwenyewe, Nai. Umekubali?"

Naishorua alinyamaza. Alitazama mbali, uso umetulia, hakuna kilichocheza. Zamani Rafaeli angeuliza tena, na tena. Safari hii aliinamisha macho. Ndani ya katambuga, kidole gumba cha kushoto kiliinama, kikanyooka, kikainama tena.

Rafaeli alicheka mpaka akakaa chini.

"Nipe spana ya pili," Naishorua alisema, akinyoosha mkono uliovimba. "Nikusaidie."

"Acha. Giza linaingia. Nati ikidondoka kwenye nyasi hizi hatuioni tena. Mama yako anakungoja barabarani."

"Na hizi zilizobaki?"

Waliziangalia pamoja kuta za kizimba ambazo bado zilikuwa zimesimama, na mlango wake ulio wazi.

"Zikae," Rafaeli alisema. "Tutazifungua kesho."