Atakayesubiri Maplewood

Jioni pale Penn Station, stesheni kuu ya treni New York, hakuna adabu. Watu husimama wameinua shingo kuutazama ubao, na namba ya jukwaa ikitokea tu, kila mtu mbio. Ndivyo Noreen, wakili, koti lake jekundu likipepea, alivyomtia Elliot kiwiko cha mbavu.

"Jamani, dada! Hicho kiwiko kina leseni?"

"Na wewe umesimama njiani kama nguzo, kwa nini?"

Wakakaa ubavu kwa ubavu treni ile, na kabla mwaka haujaisha wakawa wanaitana mpenzi. Elliot, daktari wa meno asiyejua kulinganisha tai na shati, alitaka kumwoa. Ila kwanza nyumba.

"Nimeipata, mpenzi! Iko Summit, nje ya mji. Ua mkubwa, shule nzuri, majirani wenye nazo. Treni saa nzima tu mpaka mjini."

"Saa nzima tu?" Noreen alicheka bila furaha. "Elliot, mimi nimekulia kwenye majumba hayo. Mama ananifunga mkanda garini nimevaa nguo za kulala, twende stesheni kumpokea baba. Anaingia, ananibusu, keshachoka. Baba yangu nilimjua kwa harufu ya koti. Na mwanangu anijue hivyo?"

"Basi sema hutaki kuolewa na mimi!"

"Haya, sitaki!"

Uongo mtupu. Alilia ndani ya teksi mpaka mlangoni kwake. Elliot naye, kichwa kigumu, akanyamaza wiki baada ya wiki. Wapendanao wana ujinga wao, mie hunichosha.

Siku moja ya mvua simu ikalia.

"Noreen."

"Nani mwenzangu?" Na ile namba anaijua kwa moyo!

"Usinifanyie hivyo, tafadhali. Ukitoka kazini panda treni, ushuke Maplewood. Ukiona upuuzi, rudi zako."

Treni ikakwama kwenye handaki, chini ya mto. Noreen alisimama kabanwa katikati ya watu, mwavuli wa mtu ukimchuruzikia viatuni, simu haishiki. Ndiyo haya haya niliyoyakimbia, aliwaza. Na Elliot atakuwa keshaondoka.

Maplewood, magari yalikuwa yamepangana nje ya stesheni, kila moja na mtu wake wa kumpokea. Elliot hakuwa na gari. Alikuwa jukwaani, amelowa chapachapa, tai ya njano imemganda kifuani.

"Umesubiri tangu saa ngapi?"

"Tangu ile treni uliyopaswa kuja nayo."

"Wewe ni mwendawazimu."

"Najua. Sikiliza. Nyuma ya maktaba pale kuna nyumba, vyumba vitatu, ua kama kiganja. Kutoka hapa unatembea tu. Treni ni nusu saa na kidogo, na utaipanda wewe peke yako. Mimi kliniki ya hapa imenichukua, naanza mwezi ujao. Mtoto akijaliwa, hatalala garini. Atakuwa nyumbani na baba yake, na wewe utamkuta macho."

"Na siku treni ikikwama?"

"Si imekwama leo?"

Machozi yalimtoka Noreen, hakuyaficha. Akavua lile koti jekundu, akamfunika nalo mabegani.

"Nipeleke nikaione hiyo nyumba kabla hujashikwa na homa," alisema. "Mjane kabla ya harusi sitaki kuwa."