Kamba ya Boti ya Senge

Nilichoona kwanza kilikuwa jani moja la nepia, nyasi ya kulishia ng'ombe. Lilikuwa limenasa katikati ya nyuzi za kamba ya boti, limenyauka, ncha yake imetokeza kama sharubu la panya. Kamba ile hukaa kwenye sanduku lake ndani ya banda la boti. Haitoki kwenda shambani. Sasa nepia ilifikaje hapo?

Ilikuwa Ijumaa baada ya shule, nami nilikuwa nikifanya kazi yangu ya kila siku. Shangazi yangu Sally, ambaye nyumbani tunamwita Senge, yaani shangazi kwa Kikalenjin, ana boti ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji. Aliinunua kutoka kwa meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa akihama. Wakati huo ilikuwa kuukuu na injini yake haikuwaka, hata majirani wetu wa Sosiot wakamcheka. "Sally amenunua ng'ombe asiyetoa maziwa," walisema. Senge aliifungua injini, akaisafisha, akabadilisha pampu ya maji iliyokuwa imepasuka, na siku moja ikawaka. Sasa kila Jumamosi huivuta kwa pikapu hadi kwenye bwawa la shamba la chai, na vijana huja kufanya mazoezi.

Mchezo wenyewe si wa kubahatisha. Boti hupita katikati ya bwawa bila kuyumba. Anayeteleza husimama juu ya ubao mmoja, ameshika kishikio cha kamba, naye lazima ayazunguke maboya yaliyopangwa kulia na kushoto. Akifaulu, kamba hufupishwa, na safari inayofuata huwa ngumu zaidi. Kila anapogeuka kwenye boya, kamba hukaza sana. Ndiyo maana Senge hatuachi tusahau neno lake: "Boti ikizima tutapiga kasia. Kamba ikikatika itarudi na kupiga mtu."

Kazi yangu ilikuwa kuitunza boti ikiwa bandani. Nilitoa kizibo cha chini ili maji ya mvua yasikae ndani, maana kwetu mvua ya alasiri haikosi na paa la banda linavuja. Nilipangusa sakafu, nikapima oili, nikaanika majaketi ya kuokolea, kisha nikaifunika kwa turubai. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naipenda kazi hiyo. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza hupewa kazi.

Niliichomoa kamba yote kutoka kwenye sanduku na kuipitisha mkononi polepole. Karibu na kitanzi kinachovikwa kwenye nguzo ya boti, vidole vyangu vilisimama. Nyuzi zilikuwa zimetafunwa. Zilitokeza ovyo kama nywele za mtu aliyeamka, na zilinuka ng'ombe.

Nilitoka nje nikiwa na joto masikioni. Binamu yangu Kipngeno, mtoto wa Senge, alikuwa nyuma ya zizi akikata nepia. Yeye ni mwanafunzi wa sekondari na ndiye hukaa ndani ya boti akimtazama anayevutwa, ili amwambie mama yake mtu huyo akianguka.

"Kipngeno, ulimfunga mtamba kwa kamba ya boti?"

"Nani amekuambia?"

"Kamba yenyewe."

Alicheka. "Leo Nelvine ameongea. Wacha nitafute kalenda niweke alama."

"Imetafunwa."

"Aii, kidogo tu. Kamba ya katani ilikatika, mtamba akaingia kwenye chai ya jirani. Ulitaka nimfunge kwa mkia wake?"

"Kesho Mongina atavutwa na kamba hiyo."

Aliacha kucheka. Alitazama panga lake, kisha akatazama nyumba. "Nitamwambia Mama jioni. Nitaitoa, tutumie ile ya zamani. Wewe nenda ukapanguse boti yako, wacha umbea."

Nilimwamini. Jioni Senge alikunywa chai yake akizungumza habari za mashindano ya kuteleza, Kipngeno akala ugali wake na mboga, nami nikadhani wameshazungumza.

Asubuhi bwawa lilikuwa limetulia, na chai ya kijani imelizunguka pande zote. Mongina alikuwa ameshafika. Yeye ni rafiki yangu wa darasani. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai, na wanaishi kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na bwawa. Hakuna mtoto wa rika letu anayelizunguka boya kama yeye. Alikuwa ameshavaa jaketi na alikuwa akirukaruka ili mwili upate joto.

"Senge, leo ufupishe kamba mapema," alisema. "Nataka nione kama nitaweza."

"Wewe kwanza uingie majini, mama. Tutaona," Senge akamjibu.

Mongina alijitosa majini, akajiweka tayari na ubao wake. Senge alikaa kwenye usukani. Kipngeno alivika kitanzi kwenye nguzo, akamrushia Mongina kishikio, kisha akaketi akitazama nyuma. Mimi nilisimama kwenye gati la mbao nikiwa nimeshika taulo.

Hapo ndipo nilipoiona. Ilikuwa kamba ile ile. Nyuzi zilizotafunwa hazikuwapo tena, lakini mahali pake palikuwa na doa jeusi, gumu, linalong'aa. Kipngeno alikuwa ameziunguza kwa kiberiti, kama watu wanavyounguza ncha ya kamba ya nailoni isifumuke. Kwa macho ilionekana safi. Lakini kamba iliyoliwa na ng'ombe kisha ikaliwa na moto ilikuwa imebaki na nini?

"Senge," niliita. Sauti yangu ilitoka ndogo, na injini ikaimeza.

"Senge, ngoja."

Kipngeno alinisikia. Niliona alivyonisikia, kisha akageuza uso, akamwonyesha Mongina dole gumba. Hasira iliyonishika wakati ule sikuwahi kuijua. Ilinitoa kwenye gati kabla sijafikiri. Nilirukia ndani ya boti, nikapitisha mkono mbele ya Senge, nikachomoa ufunguo. Injini ikafa.

Senge aligeuka polepole. "Nelvine. Una wazimu?"

Niliufumbata ufunguo.

"Mtoto yuko majini, unazima injini ya watu? Lete ufunguo."

Niliufumbata zaidi.

"Nimesema lete."

"Ana wivu tu, Mama," Kipngeno akasema. "Tangu jana yuko hivyo."

"Kamba imetafunwa na ng'ombe," nilisema.

"Eti ng'ombe," Kipngeno akasema. "Kumbe siku hizi mtamba wetu anateleza." Kona ya mdomo wa Senge ikacheza, karibu acheke. Kutoka majini Mongina akaita, "Nelvine, wacha mchezo, nasikia baridi."

Basi hata rafiki yangu aliona ni mchezo. Machozi yalinijia, lakini hayakuwa ya huzuni. Niliinyanyua kamba kutoka kwenye nguzo nikaiweka juu ya mapaja ya Senge, doa jeusi likiwa juu. "Shika hapo," nilisema. "Usinitazame mimi. Shika hapo."

Senge alishika. Alipinda kamba, na lile doa gumu likapasuka kidogo kama ganda la yai. Uso wake ulibadilika.

"Mongina, toka majini," alisema.

Tulipanda ukingoni. Senge alikifunga kitanzi kwenye mkaratusi na kishikio kwenye ndoano ya pikapu. Alituamuru tusimame mbali, pembeni kabisa. Kisha akaingia ndani ya pikapu, akaisogeza mbele taratibu. Kamba ilinyanyuka kutoka kwenye nyasi, ikanyooka, ikalia, kisha ikakatika penye doa. Kipande kilichobaki kiliruka kwa nguvu na kuipiga taa ya nyuma ya pikapu. Vipande vya taa vilianguka kwenye matope.

Mongina aliitazama ile taa, akajigusa shavu.

"Ulijua?" alimwuliza Kipngeno.

Kipngeno alitazama chini.

"Nakuuliza. Nilikuwa nimeshika hiyo kamba, na wewe umekaa pale unanionyesha dole. Ulijua?"

"Niliitengeneza," Kipngeno alisema.

"Uliipaka uongo," Mongina akamwambia, akamgeuzia mgongo.

Senge alishuka. Nilifikiri angempiga makofi. Badala yake alisimama karibu naye sana, akazungumza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilitisha kuliko kelele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye ulisema, Mama." Kipngeno alirudi nyuma hatua moja. "Mtamba alipoingia kwenye chai ya watu, ulipiga kelele dirishani, nitafute kamba yoyote. Nikatafuta yoyote. Baadaye nikaona imetafunwa, nikaogopa."

Senge alikitazama kipande cha kamba kwenye nyasi. Upepo ulipita juu ya chai.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilisema kamba yoyote. Hilo ni kosa langu, na leo leo nitanunua kamba ya ng'ombe Sosiot. Lakini sikusema uunguze na ufiche. Nyote nisikilizeni. Kuwa na boti si kukaa kwenye usukani. Ni kujua kila kitu chake kiko katika hali gani. Aliyeharibu akasema, tutakaa naye tutengeneze. Aliyeharibu akaficha ameshamwumiza mtu, hata kama mtu huyo bado hajaanguka. Kipngeno, utamwomba Mongina msamaha, si kwa kunong'ona. Na kuanzia leo kizibo, oili na turubai ni kazi yako. Mpaka utakapojifunza kuitunza boti kama inavyokutunza, huketi ndani yake."

Kipngeno aliomba msamaha. Mara ya kwanza alinong'ona, na Mongina akasema hajasikia. Mara ya pili alisema wazi, na Mongina akasema amesikia, ila bado ana hasira. Senge akasema hiyo ni haki yake.

Kisha Senge akanigeukia mimi.

"Na wewe umeniudhi pia. Jana ulijua. Mkosaji hapewi ujumbe wa kosa lake aupeleke. Siku nyingine uje kwangu mwenyewe, hata kama niko usingizini." Alifungua kiganja chake, nami nikaweka ufunguo ndani. Kilikuwa kimejaa grisi, kama kawaida. "Lakini leo umemwokoa mwenzako. Nilikupigia kelele, na hukuachilia ufunguo. Pole kwa hilo." Aliutia ufunguo mfukoni. "Una neno lingine tumboni. Naliona. Liseme leo, maana kesho utanyamaza tena."

Nilitazama boti ikielea kando ya gati. Kila msumari wake naujua. Najua boya la tatu limekaa kushoto kidogo, na najua mahali Mongina huchelewa kugeuka. Nimeitazama kutoka kwenye gati kila Jumamosi, nikiwa na taulo ya mtu mwingine mkononi. Hasira ilikuwa bado haijaniisha, na labda ndiyo iliyonisukuma.

"Senge," nilisema, na safari hii hakuna injini iliyonimeza, "kila siku napangusa maji ya watu wengine kwenye boti hii. Mimi pia nataka kuteleza."