Mlenda Juu ya Paneli

Kila asubuhi Dorkas, mwanafunzi wa darasa la sita, alikwenda bombani na ndoo yake. Mvua zilikuwa chache mwaka ule, na visima vifupi vya kijiji chao, karibu na Kintinku, vilikuwa vimekauka. Kilichobaki ni kisima kirefu chenye pampu ya sola, iliyotunzwa na shangazi yake, Cecilia.

Jumamosi moja shangazi alikwenda Manyoni kumuuguza ndugu. Alimwachia Dorkas ufunguo.

"Futa vumbi kwenye paneli, ufunge geti. Usifanye kingine."

"Sawa, shangazi."

Dorkas alifuta vumbi vizuri. Lakini mama yake alikuwa amemtuma kuanika mlenda, mboga ya majani, na nyumbani mbuzi walikuwa wakiula kila alipougeuzia kisogo. Akazitazama paneli: pana, zenye joto, ndani ya uzio. Akatandaza majani juu yake, akafunga geti, akaenda kucheza rede.

Saa sita mchana bomba lilidondosha matone, kisha likanyamaza. Bibi Hana, anayetembelea fimbo, alisubiri hadi akachoka. Akashuka na ndoo korongoni kufukua maji mchangani. Dorkas alipomwona, aliushtukia mlenda wake. Alikimbia akauondoa, na maji yakarudi. Hakumwambia mtu.

Jumatatu, shangazi akiwa amerudi, kamati ya maji ilikutana na wanakijiji.

"Cecilia, uliutelekeza mtambo," alisema mwenyekiti, mzee Elisha. "Tutamweka mtu mwingine."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Nisameheni. Hata sijui kilichotokea."

Dorkas, aliyesimama nyuma ya akina mama, alihisi uso unamuungua. Alitamani ardhi immeze. Miguu ikampeleka mbele.

"Shikamooni. Si shangazi. Ni mimi. Nilianika mlenda juu ya paneli."

Mtu mmoja akacheka. Dorkas akalia mbele ya watu wote, bila hata kujifuta.

"Paneli ikifunikwa haipati jua, na pampu inakosa nguvu," mzee Elisha alieleza. Akamgeukia Cecilia. "Tumekuonea. Endelea na kazi yako."

Dorkas alipiga magoti mbele ya Bibi Hana. "Nisamehe, bibi. Nitakuletea maji kila siku."

Bibi Hana alimwinua.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ulipoziba paneli ulikuwa hujui, na sasa umejua. Lakini siku mbili ulizonyamaza, ulijua. Aibu yako alikuwa akiibeba shangazi yako."