Glasi ya Mke wa Mwanangu Ilikuwa Chungu Tupu

Tik... halafu psss.

Nikakaa kitandani. Naishi peke yangu, nje bado giza, na jikoni kwangu kuna mtu.

Nikachukua kandambili. Sikuzivaa, nilizishika mkononi. Nikanyata.

Alikuwa mke wa mwanangu. Ameinama kwenye mtungi wangu wa gesi, pua karibu na mpira. Nyuma yake amesimama mwanangu. Mezani chupa isiyo na nembo, imeshafunguliwa, na glasi tatu ndogo.

"Mama, tumekuamsha? Samahani."

"Mmeingiaje?"

"Kwa ufunguo ule uliompa mwanao."

Nikanyamaza. Wapendwa wasomaji, mtu mzima akinyamaza si kwamba hana la kusema. Anapanga.

Na mimi nilikuwa na mengi ya kupanga.

Tangu mafua yale mazito yaliyonilaza, chakula anachoniletea binti huyu hakina ladha. Nyama kama kitambaa. Maziwa yangu huyanusa, akayamwaga. "Yameharibika, mama." Mimi nimeyanywa jana yake na hayana neno.

Siku moja alininyang'anya kiberiti mkononi, akafungua madirisha yote, baridi ikaniingia hadi kwenye mifupa. Hakueleza kitu.

Na tangu siku ile mwanangu hana wimbo mwingine. "Mama, hama. Njoo ukae kwetu, nyumba hii tuipangishe."

Nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu, chumba kimoja kimoja.

Niambieni, ninyi mngewaza nini?

Binti huyu anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha bia. Kazi yake ni kuonja. Huonja asubuhi kabla ya kula, ulimi ukiwa safi, na hata manukato hajipaki. Hayo nayajua. Lakini bia ya kiwandani inatafuta nini jikoni kwangu?

"Hii ni bia iitwayo 'pale ale', mtindo wa Kimarekani," akasema, akinimiminia. "Tumeitengeneza wenyewe. Naomba unisaidie kuionja."

"Mimi? Ulevi nimeuanza lini?"

"Tone tu, mama. Hata ukitema."

Akainua glasi kwenye taa. "Kwanza tazama rangi. Kama shaba iliyosuguliwa. Povu limetulia, hiyo ni dalili njema. Sasa nusa."

Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Bia," nikasema. Ningesema nini? Sikusikia kitu.

"Haya, onja."

Nikaonja. Chungu... chungu tupu, kama majani ya dawa, na mapovu yanachoma ulimi. Nikatema kwenye sinki.

"Chungu tu, mama? Hakuna kingine?"

"Kingine kipi?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akainamisha kichwa. Mtazamo ule naujua. Ni wa watu waliokwishakubaliana.

Nikamsukumia mwanangu glasi ileile. "Kunywa wewe."

Akanywa yote. "Machungwa," akasema taratibu. "Na balungi. Kwa nyuma kama ganda la mkate. Uchungu unakuja mwishoni, unakausha mdomo, unatamani funda la pili."

Nimemzaa mwenyewe, na ananidanganya mchana kweupe, hata mchana wenyewe haujafika.

"Leta ufunguo," nikamwambia mkewe.

Akauweka mezani. Hakununa. Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi.

Nikataka shahidi. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwita jirani yangu, fundi cherehani, ambaye huamka kabla yangu na mdomo wake hauna breki. "Njoo uone wanachoninywesha huku."

Akaja mbio, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Hakuna aliyemwambia lolote. Akasimama kizingitini, akavuta pumzi.

"Nani anamenya machungwa alfajiri yote hii?"

Jikoni kwangu hakukuwa na chungwa hata moja.

Nikatafuta kiti, nikakaa. Nikaiweka chupa puani... hakuna. Nikachukua kipande cha kitunguu kilicholala... hakuna. Sabuni... hakuna.

Mke wa mwanangu akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti.

"Ni mafua yale, mama. Ulimi wako ni mzima, ndiyo maana umeuona uchungu. Machungwa husikika kwa pua, na pua yako haisikii. Bia hii ukiiondolea harufu, hubaki chungu tupu. Ndiyo maana nimeileta hii."

"Na kiberiti?"

"Siku ile gesi ilikuwa inavuja. Niliisikia harufu yake toka mlangoni. Wewe ulikuwa unataka kuwasha jiko uchemshe chai."

Jirani akarudi nyuma hatua mbili, mbali na mtungi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliyejibu ni mwanangu. "Mimi nilitaka uhame. Yeye akakataa. Alisema mama akitolewa kwake atanyauka, bora yeye apite kila alfajiri anuse jiko kabla hujaamka. Amekuwa akipita, mama. Leo tulitaka uhakika kabla ya kukwambia."

Ile tik. Nimekuwa nikiisikia usingizini, nikidhani ni panya. Kumbe ni mkono wake unafunga gesi.

Nawaambia ninyi mnaonisoma: mtu akikupa kitu ukakiona kichungu tu, mpe na mwingine aonje kabla hujamhukumu aliyekupa. Mimi nilikuwa na pua iliyokufa, nikaamini wenye kasoro ni wenzangu.

Nyama zile zilikuwa na viungo vyote. Nilimuuliza.

Nikachukua ufunguo mezani, nikauweka kiganjani mwake, nikakifumba kwa mikono yangu miwili.

"Utachelewa kazini."

"Ndiyo, mama. Ngoja nioshe glasi."

"Ziache, nitaosha mimi. Ila kesho pita tena, mwanangu. Na usinyate. Niamshe, tukae tunywe chai."