Bandari Ukutani

Zulia lilikuwa limelowa, na upande ule wa sebule hapakupita bomba lolote. Nazaire aliinama, akagusa, akaonja kidole. Chumvi.

Juu yake ilining'inia picha ndefu ya karne ya kumi na nane, mji mzima wa bandari: maghala, minara, meli zimejipanga gatini. Mkewe Jeannette alipewa picha hiyo na watoto wa bibi mmoja mzungu ambaye yeye alimuuguza mpaka bibi akafa. Walifurahi mno kuiondoa nyumbani kwao.

Wiki ile ile nyumba yao ya kupanga, hapo mtaani Sharpstown, ughaibuni, ikaanza mchana kweupe kunuka samaki waliooza. Kisha Jeannette akaacha kwenda kazini. Akawa anakaa mbele ya picha, anaimba chini chini.

"Mama Alain, una nini?"

"Nyamaza," alinong'ona. "Mtoto anaongea."

Alain, mtoto wao wa pekee, alizama Ziwa Tanganyika walipokuwa wanakimbia Burundi.

"Mimi sisikii kitu," Nazaire alisema. Alidanganya.

Akamwita Prudensia, nesi Mtanzania aliyeongoza maombi parokiani, naye akaja na gari kutoka mtaa wa Alief siku hiyo hiyo. Alipoingia aliziba pua, hakukaa.

"Dada, huyo si mwanao. Ni jini, limevaa sauti yake."

"Anaujua wimbo wake."

"Si linakusikia ukiimba?"

Jumapili, Nazaire na Prudensia walitoka misani wakamkuta Jeannette amesimama, mkono umezama ndani ya rangi hadi kiwikoni, maji yanachuruzika ukutani, na kule gatini, kati ya vijitu visivyo na nyuso, kimoja kimegeuka, kimemshika vidole, kinamvuta taratibu, huku sauti ya mtoto ikisema njoo mama, huku hakuna baridi, njoo, na bega lake nalo likaanza kuingia.

Nazaire alimvuta kiunoni hadi wakaanguka wote wawili. Prudensia akamwaga maji ya baraka, akakemea. Nazaire akachukua kisu jikoni, akaanza kuipasua picha.

"Baba, usiniache tena!" sauti ya mtoto ililia kutoka pichani.

Kisu kilisita. Jeannette alikiona.

"Kumbe unamsikia," alisema.

Nazaire akamaliza kukata. Vipande walivichoma uani, kwenye jiko la kuchomea nyama, mpaka Prudensia akasema limekwenda.

Kweli harufu iliisha, zulia likakauka. Kisha Josiane, dada yake Jeannette, akaja kutoka Fort Worth kumchukua na mabegi yake.

"Nilikuokoa, Mama Alain," Nazaire alimwambia mlangoni.

"Usiniite hivyo," alijibu. "Mama wa nani?"